Radi ikipiga ndege: kuiga mkondo wake kwa karatasi, sakiti na gridi

Watu wa Tanga wana msemo: "Waja leo, waondoka leo." Mkondo wa radi ndivyo ulivyo. Hauishii ndani ya ndege. Huingia sehemu moja na kutokea nyingine, na ndege huwa kipande tu cha njia kati ya wingu na ardhi, au kati ya wingu na wingu. Modeli nyingi zinaharibikia hapo: mtu anachora ndege vizuri, anapachika mkondo puani, halafu hasemi unatokea wapi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uhandisi au fundi wa ndege mwenye kompyuta ya kawaida. Mfano wetu ni Cessna Caravan 208B, aina inayotumika sana kwa safari fupi za pwani yetu kama Tanga–Pemba: urefu mita 12.67, mabawa mita 15.87 kutoka ncha hadi ncha, bodi la alumini ambalo tutalichukulia kama bomba lenye nusu kipenyo cha mita 0.8. Utahitaji ngspice kwa sakiti, openEMS kwa gridi, na Python yenye NumPy kwa kuchakata majibu. Zote ni za bure. RAM ya GB 8 inatosha kuanzia, na GB 16 itakupunguzia kero.

Anza na karatasi, fuata sakiti, malizia na gridi. Anayeanza na gridi hupata picha nzuri zenye rangi asizoweza kuzitetea.

Hatua ya 1: Andika wimbi la mkondo

Mawimbi ya kutumia yamewekwa na kiwango cha SAE ARP5412, ambacho kwa Ulaya ni EUROCAE ED-84. Fomula ni moja:

I(t) = I0 × (e^(−αt) − e^(−βt))

Komponenti A, pigo kubwa la kwanza: I0 = 218,810 A; α = 11,354; β = 647,265 (zote mbili kwa sekunde). Kilele ni kA 200 kwenye mikrosekunde 6.4, na mkondo hushuka hadi nusu kwenye mikrosekunde 69.

Komponenti D, pigo la kufuatia: I0 = 109,405 A; α = 22,708; β = 1,294,530. Kilele ni kA 100.

Komponenti H, vipigo vidogo vyenye kasi: I0 = 10,572 A; α = 187,191; β = 19,105,100. Kilele ni kA 10 tu, ila mkondo unapanda kwa 2×10¹¹ A kwa sekunde, kasi kuliko A yenyewe, ambayo ni 1.4×10¹¹.

Katikati kuna B (wastani wa kA 2, hadi milisekunde 5, kulomu 10) na C (ampea 200 hadi 800, kulomu 200, kati ya sekunde 0.25 na 1). Hizi mbili ni za polepole. Zinatoboa bati kwa joto mahali radi iliposhika, na kwa volti za kwenye nyaya unaweza kuziweka kando.

Kila komponenti ina uharibifu wake. Nishati kwa kila omu, ambayo kwa A ni 2×10⁶ A²s, ndiyo inayochemsha waya na kupinda bati. Kasi ya kupanda kwa mkondo ndiyo inayozaa volti kwenye nyaya. H huwasumbua watu wa kompyuta za ndege, kwa kuwa huja kwa mafungu na inaweza kuvuruga data bila kuunguza chochote.

Chora wimbi kabla ya kulitumia. Ukiona linaanzia kA 218 badala ya sifuri, umesahau sehemu ya β. Ukiona mstari ulionyooka uliolala kwenye sifuri, huenda umeweka t kwa mikrosekunde huku α ikiwa kwa sekunde. Kisha jumlisha I² × Δt kwa wimbi zima: A lazima itoe 2.0×10⁶. Ukipata 1.7, hatua yako ya muda ni kubwa mno au umekata wimbi mapema.

Hatua ya 2: Chagua pa kuingilia na pa kutokea

Mara nyingi ndege yenyewe ndiyo inayoichokoza radi. Uga wa umeme hukusanyika kwenye ncha zake, kisha mikondo miwili ya awali huchomoza kutoka pande mbili kwa pamoja. NASA ilirusha ndege ya F-106B ndani ya mawingu ya radi kati ya 1980 na 1986, ikapigwa mara 714, na sehemu kubwa ya mapigo hayo ilianzishwa na ndege yenyewe. Kwa hiyo pa kuingilia na pa kutokea ni ncha: propela, ncha za mabawa, ncha za mkia.

Kwa Caravan endesha njia nne: propela hadi mkia, propela hadi ncha ya bawa, bawa hadi bawa, na ncha ya bawa hadi mkia. Usitegemee njia moja "mbaya kuliko zote", kwa sababu hakuna njia iliyo mbaya kwa kila waya. Waya wa rada iliyo kwenye bawa la kulia utaumizwa na bawa hadi bawa, wakati waya wa usukani wa mkia hautajali.

Ndege pia inasonga na radi haisongi nayo. Kwa mwendo wa mita 90 kwa sekunde, Caravan nzima inapita mahali pamoja kwa sekunde 0.14, na radi inaweza kudumu nusu sekunde au zaidi. Kwa hiyo mahali pa kushika hurudi nyuma kwenye bodi kwa vituo. Hapo ndipo kanda za SAE ARP5414 zinapopata maana: 1A kwenye ncha za mbele hupewa komponenti A, 2A nyuma yake hupewa D, kanda za 1B na 2B ni zile ambazo radi ikifika inang'ang'ania, na kanda ya 3 ni ngozi ambayo mkondo unapita tu bila kushika.

Jambo moja la injini ya propela: mkondo ukiingilia kwenye blaidi unapita kwenye shafti, beringi na gia kabla ya kufika kwenye bodi. Usiunganishe propela na bodi kana kwamba ni chuma kimoja. Weka ukinzani mdogo wa mguso hapo, miliomu chache, upate kuona mkondo unavyogawana kati ya beringi na njia nyingine.

Watu wa pwani huuliza kama haya yote yanahitajika kwa safari ya Pemba. Mapigo mengi hutokea karibu na mwinuko wenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambao katika tropiki uko kilomita 5 hivi juu, na safari hiyo fupi hupita chini zaidi. Lakini mawimbi ya kiwango hayaulizi unaruka wapi, na mawingu ya masika yanayojaa juu ya Usambara hayana makubaliano na ratiba.

Hatua ya 3: Karatasi na kalamu

Hesabu hizi tano zichukue asubuhi moja. Zitakuwa mizani ya kila kitu kitakachofuata.

Uga wa sumaku juu ya ngozi (H hapa ni uga, si komponenti H): H = I ÷ (2πr). Kwa kA 200 na r = 0.8, ni 39,800 A kwa mita. Kumbuka namba hii.

Kina cha kupenya: alumini ya ndege (upitishaji karibu 1.7×10⁷ siemensi kwa mita) ina kina cha mm 1.2 kwa kilohezi 10, na mm 0.12 kwa megahezi 1. Bati la mm 1 linauzuia uga wa kasi vizuri sana. Nyuzi za kaboni zenye upitishaji wa 10⁴ zina kina cha mm 50 kwa kilohezi 10. Ganda la mm 2 la kaboni ni kama chandarua mbele ya upepo.

Volti ya ukinzani: bomba la alumini la mm 1, urefu mita 10, lina mikroomu 117. Zidisha kwa kA 200, unapata volti 23. Bomba la kaboni la mm 2 na ukubwa uleule lina karibu omu 0.1, yaani volti 20,000. Tofauti kati ya 23 na 20,000 ndiyo inayofanya ndege za kaboni zifunikwe kwa wavu wa shaba.

Joto la waya: waya wa shaba wa mm² 10 ukibeba komponenti A nzima hupanda joto kwa nyuzi 100 hivi, na zaidi kidogo ukihesabu kwamba ukinzani wake unaongezeka kwa joto. Ukipunguza hadi mm² 2.5, ongezeko ni mara 16, na waya haupo tena. Joto hufuata kinyume cha mraba wa eneo la mkato wa waya, wala si eneo lenyewe.

Mkanda wa kuunganisha: mafundi hupima ukinzani wake, wakipata miliomu 2.5 wanaridhika. Kwa kA 200 hiyo ni volti 500. Lakini mkanda wa sentimita 10 una induktansi ya karibu mikrohenri 0.1, na kwa kasi ya 1.4×10¹¹ unazaa volti 14,000 katika mwanzo wa pigo. Mita ya omu haikuonyeshi hilo. Mkanda mfupi na mpana, na miwili sambamba badala ya mmoja, husaidia kuliko kusugua mguso hadi ung'ae.

Hatua ya 4: Sakiti, na kisa cha bomba ndani ya kaboni

Alumini ina tabia njema, mkondo unabaki nje. Kaboni ndiyo inayowapotosha watu. Chukua bodi la kaboni la ukubwa wa Caravan, mita 10, omu 0.1. Ndani yake pitisha bomba la alumini la kipenyo cha mm 12 na ukuta wa mm 1, lililofungwa kwenye bodi pande zote mbili. Ukinzani wake ni karibu miliomu 17. Induktansi kati ya bomba na ukuta ni kama mikrohenri 0.5 kwa mita, jumla 5. Faili la ngspice ni hili:

Radi kwenye bodi la kaboni
B1 0 1 I=218810*(exp(-11354*time)-exp(-647265*time))
R1 1 0 0.1
L2 1 2 5u
R2 2 0 17m
.tran 50n 500u 0 50n
.end

Namba ya mwisho kwenye .tran ndiyo hatua kubwa kuliko zote inayoruhusiwa. Uiweke kila mara. Programu ikiachiwa ichague yenyewe inaweza kuruka kilele cha mikrosekunde 6.4 bila kukuambia.

Majibu: mwanzoni induktansi inaukataza mkondo usiingie kwenye bomba, na bodi linabeba karibu wote. Kisha mkondo unahama. Ifikapo mikrosekunde 60 hivi bomba linabeba karibu kA 93. Lile bomba jembamba, ambalo mchoraji aliliweka kwa ajili ya mafuta au breki, linapitisha zaidi ya mkondo uliobaki kwenye bodi zima. Angalia pia umbo lake: linapanda polepole na kushuka polepole, tofauti kabisa na wimbi la nje. Ndiyo maana RTCA DO-160, kiwango cha kujaribia vifaa vya ndege, ina wimbi refu la 5A, mikrosekunde 40 kupanda na 120 kufikia nusu, kwa vifaa vya ndege za aina hii.

Cheza na namba. Ongeza wavu wa shaba kwa kushusha R1 hadi 0.01, uone mkondo wa bomba unavyoanguka. Fungua bomba upande mmoja kwa kuweka R2 ya omu 1000: mkondo unaisha, lakini volti zile 20,000 zinajitokeza kwenye mwanya, tayari kuruka cheche. Ukifunga unapata mkondo, ukifungua unapata volti. Hakuna namna ya kupata sifuri kwa vyote viwili.

Hatua ya 5: Gridi

Kwa matundu, madirisha na mikunjo ya mabawa, sakiti haitoshi. Hapo tunatumia mbinu aliyoitoa Kane Yee mwaka 1966, ya kugawa anga katika visanduku na kusogeza uga wa umeme na wa sumaku kwa zamu. Wengi huiita FDTD.

Ukubwa wa kisanduku hauamuliwi na urefu wa wimbi, maana kwa sentimita 10 tayari uko salama hadi megahezi 300, na radi haina la maana huko juu. Unaamuliwa na matundu. Dirisha la sentimita 30 kwenye visanduku vya 10 lina visanduku vitatu tu, na uga unaopenya utakuwa wa kubahatisha. Weka angalau sita, yaani sentimita 5.

Sasa bei. Hatua ya muda haiwezi kuzidi Δ ÷ (c√3), Δ ikiwa upande wa kisanduku na c kasi ya mwanga: kwa sentimita 5 ni pikosekunde 96. Anga la mita 24 × 20 × 12 lina visanduku milioni 46. Ukitaka mikrosekunde 100 ni hatua milioni 1.04. Kompyuta inayosogeza visanduku milioni 100 kwa sekunde itafanya kazi siku tano na zaidi. Kwa sentimita 10 ni saa nane na kitu. Kupunguza kisanduku kwa nusu hugharimu mara 16, na umeme wa nyumbani ukikatika siku ya nne, kilio ni chako. Hivyo anza na sentimita 10 usiku mmoja, rekebisha makosa, halafu ndipo uende 5. Endesha njia moja moja ya mkondo, na hifadhi majibu katikati ya kazi kama programu inaruhusu.

Kuna njia nyingine ya kupunguza bei, nayo tunaipendelea: endesha gridi kwa mikrosekunde 15 hadi 20 za kwanza tu, ambapo kasi ni kubwa na matundu ndiyo yanayotawala, kisha mkia wa wimbi uachie sakiti ya hatua ya 4. Kwenye gridi, bati la mm 1 halionekani ndani ya kisanduku cha mm 50, kwa hiyo lichukulie kama chuma kamili. Utapoteza volti ya ukinzani, ile 23 ya alumini, na utairudisha kwa sakiti. Kwa kaboni usifanye hivyo. Tumia ngozi nyembamba yenye impidansi yake.

Chaneli ya radi iwe waya mwembamba kutoka pa kuingilia hadi ndani ya kuta za kunyonya mawimbi zilizo kwenye mipaka ya gridi, na mwingine kutoka pa kutokea hadi ukuta wa pili. Chanzo cha mkondo kiwe kwenye waya. Kosa linalorudiwa ni kuukatisha waya hewani kabla ya kufika ukutani. Chaji haina pa kwenda, inajikusanya kwenye ncha, na uga wa umeme unapanda bila kushuka hata mkondo ukiisha. Grafu ikionyesha hivyo, usitafute kosa kwenye ndege. Nenda kaangalie ncha ya waya.

Utaona mtetemo juu ya grafu, karibu na megahezi 9 hadi 12. Huo si uchafu wa hesabu. Mabawa ya mita 15.87 yana mlio wao wa nusu wimbi karibu na megahezi 9.5, na bodi karibu na 11.8, ingawa waya wa chaneli husogeza namba hizo. DO-160 nayo ina wimbi la 3, linalofifia huku likitetemeka kwa megahezi 1 na 10, kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Nyaya

Toa uga wa ndani kwenye gridi, kisha hesabu volti ya kila kitanzi: V = μ0 × eneo × kasi ya kubadilika kwa uga H. Tuseme asilimia 1 ya uga wa nje imepenya kwenye dirisha. Kasi ya H ya nje ni 2.8×10¹⁰, ya ndani 2.8×10⁸. Waya wa mita 5 uliopita sentimita 5 juu ya bati unazunguka eneo la mita za mraba 0.25, na volti yake ni karibu 88. Uteremshe hadi sentimita 1 juu ya bati, unakuwa 18. Ni fundi mwenye vibanio vya waya ndiye anayeamua, si kompyuta.

Kwa waya wenye kava la kusuka, hesabu kava na namna lilivyofungwa mwishoni. Kava lenye miliomu 10 kwa mita, mita 5, likibeba ampea 500, linaacha volti 25 ndani. Lakini kama mwishoni limefungwa kwa mkia wa waya wa sentimita 15 (mikrohenri 0.15), na zile ampea 500 zinapanda ndani ya mikrosekunde moja, mkia peke yake unaongeza volti 75. Modeli isiyo na mikia hiyo itatoa majibu mazuri kuliko ndege yenyewe.

Linganisha volti hizo na ngazi za DO-160 kifungu cha 22. Kwa wimbi la 4 (lenye umbo la komponenti A) kwenye pini za kifaa, ngazi 1 hadi 5 ni volti 50, 125, 300, 750 na 1,600. Kwa wimbi la 3 ni 100, 250, 600, 1,500 na 3,200. Acha nafasi: kwa vifaa vinavyobeba usalama wa ndege, desturi ni kifaa kistahimili mara 2 ya ulichohesabu.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Zungusha kitanzi cha hesabu kuzunguka bodi katikati ya mabawa na mkia, jumlisha H kwa urefu: kwenye njia ya propela hadi mkia jibu lazima lirudishe mkondo uliouingiza, ndani ya asilimia 2. Lisiporudi, kuna tundu kwenye ngozi ambalo hukulikusudia, mara nyingi kati ya vipande viwili vya mchoro visivyogusana.

Badilisha ndege kwa bomba tupu la nusu kipenyo cha 0.8 na usome H. Unapaswa kuona ile 39,800. Rudia kwa visanduku vidogo. Jibu likibadilika zaidi ya asilimia 10, bado hujafika.

Ukipata vipimo vya kweli vilivyofanywa kwa mkondo mdogo, tuseme kA 1, unaweza kuvizidisha kwa 200 kwa alumini iliyofungwa vizuri. Kwa viungo vya kaboni na ribiti zilizolegea usithubutu, kwa sababu kwenye mkondo mkubwa mguso unaruka cheche na ukinzani wake unabadilika katikati ya pigo. Modeli yetu yote ni ya mstari, na cheche si ya mstari.

Hapo ndipo mpaka wa kazi hii ulipo kwenye matanki ya mafuta. Cheche ya mikrojuli 200 inatosha kuwasha mvuke, na tarehe 8 Desemba 1963 Boeing 707 ya Pan Am, safari ya 214, ililipuka karibu na Elkton huko Maryland baada ya kupigwa na radi, wakafa wote 81. Kwa tanki, modeli ikupe mkondo unaopita kwenye kila kiungo, kila kifuniko na kila bomba linaloingia. Orodhesha viungo kuanzia wenye mkondo mkubwa. Kagua pia unene wa ngozi: kwa alumini juu ya mafuta, kipimo cha zamani ni mm 2. Kisha orodha hiyo iende maabara, kwenye mkondo wa kweli na kamera ndani ya giza, kwa taratibu za majaribio za SAE ARP5416.